Majaribio ya Maji Mafu

Kitabu kilisema hivi: kampuni iliyo katika ngazi ya kwanza haina mpango wa majaribio. Inatengeneza mfumo wa kompyuta, kisha mwishoni, kwa pupa, inamtafuta mtu wa kuujaribu. Mambo yakienda vizuri, si kwa sababu ya utaratibu, ni kwa sababu kuna mtu mmoja pale ofisini anayejua kila kitu na kujibebesha kila kitu. Mtu huyo akiugua, kampuni nzima inalala kitandani.

Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya nyuma ya ofisi, sahani ya mihogo ya nazi magotini, kitabu juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Niliisoma aya ile mara tatu. Mara ya tatu hamu ya mihogo iliniisha.

Kwa miaka miwili na nusu Bwana Shamsudin, mwenye kampuni, alikuwa akinitambulisha kwa wageni kwa neno moja. "Huyu Nadhira ndiye jembe letu. Bila yeye hapa hakuna kitu." Nami nilikuwa nikiinamisha macho na kutabasamu kama bibi harusi. Kumbe nilikuwa nasifiwa kwa ugonjwa. Kitabu kilitaja ngazi tano, kuanzia ile ya kubahatisha hadi ile ambayo kila kosa hufuatwa mpaka lilikozaliwa ili lisizaliwe tena. Sisi tulikuwa chini kabisa, na ushahidi ulikuwa mimi. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa ukurasa: Ndio sisi hawa.

Mtihani ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, Dar es Salaam. Ulikuwa mtihani wa cheti cha kuboresha taratibu za kujaribu mifumo. Nafasi ilikuwa moja tu, imeombwa na kampuni, na Bwana Shamsudin alinipa mimi mbele ya watu wote. Nilisoma miezi minne, kila siku baada ya sala ya alfajiri hadi jua litoke, na kila mchana kwenye baraza ile. Mimi nina stashahada. Wenzangu wenye shahada hunikumbusha jambo hilo kila wanapopata upenyo. Cheti hiki kingewanyamazisha, na sioni haya kusema kwamba nilikitaka kwa sababu hiyo pia.

Siku hiyo, Alhamisi, kabla sijamaliza kunawa mikono, Bwana Shamsudin aliniita chumbani kwake. Mpwa wake Abdulazizi alikuwapo, kajilaza kwenye kiti, anachezea simu. Abdulazizi ndiye aliyeuandika mfumo tuliokuwa tukiukamilisha, wa akina mama wanaolima mwani Mlingotini.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mwanamke ana shamba lake baharini: kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na mwani umening'inia humo. Akienda kuvuna au kupanda, karani wa kikundi anaandika kwenye simu namba ya shamba na idadi ya kamba. Kikundi kina sheria yao ya tangu zamani, kwamba shamba lisilofanyiwa kazi mara mbili mfululizo, bila udhuru, limetelekezwa na hupewa mwingine. Zamani jambo hilo liliamuliwa kikaoni. Sasa mfumo ungehesabu wenyewe na kulifuta jina.

"Jembe," Bwana Shamsudin alisema, "kaa. Tunakabidhi Jumatano. Hii ni fomu ya kujipima, wafadhili wa kikundi wanaitaka. Sahihi yako hapa, ya mwenyekiti wa akina mama pale."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kwenye mstari wa ngazi ya utaratibu wa majaribio ilikuwa imekwisha kuchapwa: ya tatu.

"Ya tatu, Bwana Shamsudin?"

"Kwani ya ngapi?"

"Ya tatu maana yake tuna utaratibu ulioandikwa, unaofuatwa na kila mtu, kwa kila kazi. Sisi tuna mimi na daftari langu."

Abdulazizi alicheka bila kuinua macho. "Dada Nadhira keshaanza. Cheti bado, anatupima. Akikipata si atatupima mpaka presha."

"Yako haihitaji kipimo, inaonekana kwa macho," nilimwambia.

"Basi, basi." Bwana Shamsudin aliinua kiganja. "Mfumo umejaribiwa mara tano. Kule kule ufukweni, si hapa mezani. Na aliyejaribu ni wewe. Ulikuta kosa?"

Sikuwa nimekuta kosa. Mara zote tano nilisimama kwenye ule mchanga na karani wa kikundi, tukaingiza namba, mfumo ukajibu "Imepokelewa," tukarudi. Nilichukua fomu nikasema nitaanza na sahihi ya mwenyekiti.

*

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilipanda bodaboda hadi Mlingotini. Bi Sihaba, mwenyekiti wa kikundi, nilimkuta kwenye vichanja vya kuanikia, anageuza mwani uliovunwa asubuhi. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, na mikono yake imechubuliwa na chumvi mpaka vidole vimekuwa vyeupe kwenye ncha.

"Shikamoo, Bi Sihaba."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja lini?"

"Nimekuja peke yangu. Nimeleta karatasi ya sahihi."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua fomu, akaisoma yote. Si kwa kupitisha macho. Aliisoma neno kwa neno, midomo ikicheza. Alipofika kwenye tarehe za majaribio alisimama. Akarudi juu, akashuka tena.

"Hizi tarehe nani kazichagua?"

"Gari la ofisi, Bi. Jumatano moja linakwenda Fukayosi, Jumatano ya pili ndiyo linakuja huku."

Aliingia ndani akatoka na kalenda ya msikitini, ile yenye tarehe za kizungu na za Kiislamu bega kwa bega. Akaiweka juu ya kichanja na kuanza kufuata kwa kidole.

"Hii ya kwanza, mwezi ulikuwa tisa. Ya pili, ishirini na tatu. Ya tatu, nane. Hii ishirini na mbili. Na hii juzi juzi, sita." Aliniangalia. "Unaona?"

"Sioni, Bi."

"Wewe mtoto wa wapi?"

"Wa hapa hapa Bagamoyo. Mjini."

"Kwa nani?"

"Kwa Msabaha Bwanaheri."

"Bwanaheri nahodha?"

"Ndiye babu yangu."

"Mjukuu wa nahodha," alisema polepole, kama anayeonja kitu kilichochacha, "hajui kwamba mwezi nane ni maji mafu."

Nilihisi masikio yangu yanawaka. Maji mafu nilikuwa nayajua kwa jina, kama ninavyojua majina ya mababu ambao sikuwaona. Siku hizo bahari haitoki mbali wala haijai sana. Mashamba ya mwani hayafikiki kwa miguu. Akina mama hukaa nyumbani, hufua, huenda kwenye misiba na harusi. Wanaingia baharini siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokauka hadi mwisho. Hapo huingia wote pamoja, na wana saa mbili tatu tu kabla maji hayajarudi.

"Mlikuja mara tano," Bi Sihaba alisema. "Mara zote tano ufukwe mtupu. Karani kavaa baibui lake safi, vidole vikavu, anabonyeza taratibu. Nilidhani mnakuja kumfundisha kusoma."

"Mbona hukutwambia, Bi?"

"Nani aliniuliza? Nyie ndio mliosoma."

Hakulisema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikakumbuka kitabu: chagua mazingira ya majaribio yanayofanana na ya kazi yenyewe. Nilikuwa nimepigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu, nikaikariri hadi koma. Kisha nikaenda kuujaribu mfumo wa bahari kwa ratiba ya gari.

"Leo mwezi kumi na tano," alisema na kunirudishia fomu bila sahihi. "Keshokutwa, Jumapili, kumi na saba. Maji yatakauka mpaka kule penye ule mti wa alama. Uje uone."

*

Nilimpigia Bwana Shamsudin nikiwa bado njiani. Nilimweleza yote. Nikamwomba tujaribu Jumapili, makabidhiano yasogee mpaka bamvua ijayo ikilazimu.

"Nadhira, wageni wamealikwa. Turubai limekodiwa. Unataka niwaambie nini, kwamba tunasubiri mwezi?"

"Ndiyo. Kule kila kitu kinasubiri mwezi."

"Sikiliza. Wale wa mtihani wanaruhusu kubadili jina la mtahiniwa hadi Jumatatu jioni. Mimi nafasi ile niliitoa kwa mtu anayejua kusimama na kampuni. Nikute fomu ina sahihi yako Jumatatu asubuhi. La sivyo Abdulazizi naye anajua kusoma."

Akakata. Miezi minne ya alfajiri, na mtu anaisogeza kwa kidole kama sahani mezani.

Jumapili si siku ya kazi, kwa hiyo sikuomba ruhusa. Saa tatu asubuhi nilikuwa ufukweni, na sikuutambua. Bahari ilikuwa imerudi nyuma hata nikaona mchanga ambao sikujua upo, wenye matuta kama mbavu, na vigingi vimesimama mamia kwa mamia. Akina mama walikuwa kila mahali, wameinama, viroba vichwani, viatu vya mpira miguuni, wanaitana kwa sauti za juu. Walikuwa mia na kumi na wawili. Bi Sihaba aliwahesabu mbele yangu.

Tulipanga hivi: simu tatu za kikundi, ya karani na mbili za wasaidizi wake, zifanye kazi kama zitakavyofanya siku zote, na yeye aandike kila jina kwenye daftari lake la mistari, kama alivyofanya miaka yote. Mimi nisiguse kitu. Nitazame tu.

Kwanza vilikataa vidole. Karani alikuwa ametoka kushika mwani, mkono unachuruzika, na kioo cha simu hakikumsikia. Alifuta kwenye kanga, kanga nayo imelowa. Mwishowe akabonyeza kwa kiwiko, na foleni ikacheka.

"Jaribu kwa pua, shoga."

"Pua nayo ina chumvi."

Kisha maji yakaanza kurudi, na foleni ikaacha kucheka. Wote walitaka kuandikwa kwa wakati mmoja, simu tatu zinatuma pamoja, mtandao unavuta. Kila simu ilizungusha kiduara chake, ikazungusha, halafu ikajibu: Imepokelewa. Imepokelewa. Imepokelewa. Nilianza kupumua. Nikajiambia pengine Bwana Shamsudin ana haki, pengine nimejitia ujuaji.

Tulipotoka majini, tumelowa hadi mapajani, nilikaa chini ya kichanja nikafungua orodha ya mfumo. Bi Sihaba alinisomea daftari lake, jina baada ya jina. Daftari lilikuwa na majina mia na kumi na mawili. Mfumo ulikuwa na thelathini na moja.

Tulirudia tangu mwanzo. Thelathini na moja. Majina yaliyotumwa pamoja yalikuwa yakikaliana, la mwisho linafuta la kwanza, na huku mfumo unamwambia kila mtu kwamba amepokelewa. Ungekataa tu, ningeusamehe. Uliwadanganya wanawake themanini na mmoja machoni pao, wakiwa na viroba vichwani. Bamvua mbili za namna hii na mashamba yao yangesomeka yametelekezwa. Bi Sihaba mwenyewe hakuwamo.

"Shamba hili nimelirithi kwa mama yangu," alisema, akifunga daftari. "Simu imenifuta asubuhi moja."

*

Jumatatu niliingia ofisini kabla ya wote. Nilikata kwa mstari mmoja maneno "ya tatu" kwenye fomu, juu yake nikaandika "ya kwanza," na chini nikaeleza: majaribio yote matano yalifanywa siku za maji mafu, ufukwe ukiwa hauna watu, na jaribio la sita, siku ya bamvua, limepoteza majina themanini na moja kati ya mia na kumi na mawili. Hapo ndipo nilipotia sahihi. Sikuwahi kutia sahihi nzuri vile.

Bwana Shamsudin aliisoma, akaiweka mezani, akaivuta tena.

"Umeniharibia karatasi."

"Nimeijaza."

"Nani kakutuma Jumapili?"

"Hakuna. Nimejituma. Si ndiyo kazi ya jembe?"

Abdulazizi alikuwa mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo, "Mjomba, hilo la majina kukaliana... niliwahi kuliona hapa mezani, nikijaribu kwa simu mbili. Nikadhani haiwezekani watu wengi wakaandika kwa dakika moja. Kule huwa hakuna watu."

Nilimgeukia. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. "Uliliona lini?"

"Safari ya pili."

"Safari ya pili. Ukanyamaza safari tatu nzima, na mimi nasimama juani naandika kwamba hakuna kosa."

"Hukuniuliza, dada."

Jibu lilikuwa lile lile la Bi Sihaba, ila kwake halikuwa na haki ya kutoka. Bi Sihaba hakulipwa kutwambia. Abdulazizi alilipwa.

Bwana Shamsudin hakutusikiliza. Alikuwa amekwisha kuinua simu. Mbele yangu, taratibu, akataja herufi za jina la mpwa wake moja moja, ili yule wa upande wa pili asikosee. Alipomaliza alininyooshea mkono. "Na kitabu. Ni cha kampuni."

Nikampa, na wino wangu mwekundu wote ndani yake.

Hakunifukuza. Nilingojea anifukuze, nikawa nimeshapanga na maneno ya kuagia, lakini hakunifukuza. Hakuweza. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kilichojaribiwa na ambacho hakijajaribiwa.

Jumatano turubai lilifungwa, pilau ikapikwa, akina mama wakaja na kanga zao za sare. Bwana Shamsudin alikuwa amechapa fomu nyingine, safi, yenye "ya tatu" yake, na mahali pangu pametiwa sahihi ya Abdulazizi. Bi Sihaba aliisoma pale pale mbele ya wageni, neno kwa neno, midomo ikicheza, na watu wote wakasubiri.

"Ya yule binti iko wapi?" aliuliza.

"Bi Sihaba, huyu naye ni mtaalamu wetu."

"Huyu sijamwona bamvua." Alimrudishia kalamu. "Pilau tutakula, tusiwavunjie heshima. Kutia sahihi, mpaka mwezi uandame tujaribu tena. Na atakayesimamia ni yule binti, kwa niaba yetu. Nyie mtakuwa mnajaribiwa."

Akina mama hawakupiga vigelegele. Walivuta tu sahani zao.

*

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mtihani, mtu alibisha hodi nyumbani. Mama alifungua. Alikuwa Abdulazizi, kitabu changu mkononi, kanzu ya sala bado mwilini.

"Karibu, baba," mama alimwambia, akaenda kutia kahawa, maana kwetu mgeni hapimwi mlangoni. Mimi nisingemtilia hata maji.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Nimekisoma siku nne," alisema. "Sielewi kitu. Naelewa yale uliyoandika wewe pembeni, mengine hayaingii."

"Basi kasome pembeni."

"Dada Nadhira, nafasi sikuiomba mimi."

"Hukuikataa pia."

Akafungua ukurasa ule, akauweka mezani na kunionesha kwa kidole. "Hapa umeandika, Ndio sisi hawa. Sisi akina nani?"

Nilikitazama kitabu changu. Kilikuwa na doa la nazi kwenye kona, la mihogo ya siku ile. Hasira zilinipanda upya kama maji yanavyorudi, kwanza kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini. Kesho mtu huyu angekaa kwenye kiti changu, na mwandiko wangu kichwani mwake. Ningeweza kumwambia chochote. Ningeweza kumwambia uongo, akaukariri, akashindwa.

"Soma hiyo aya kwa sauti," nilisema.

Alisoma. Mama alikuwa amesimama na birika, anasikiliza.

"Nani anaijua kazi yote pale ofisini?"

"Wewe."

"Nani aliliona kosa akadhani halimhusu?"

"Mimi."

"Nani alipanga siku za kujaribu?"

"Gari," alisema, na alipolisikia neno lake mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Ndio sisi hao. Kesho ukiulizwa, usikariri. Wakumbuke wanawake themanini na mmoja."

Alikunywa kahawa yake hadi mwisho, akashukuru, akainuka. Mlangoni alisema atakuja Mlingotini mwezi ukiandama, nikitaka. Nilimwambia kutaka kwangu hakumo, ni kazi yake, na aje na ndoo, kwa sababu vidole vyote vitachovywa maji ya bahari kabla ya kugusa simu.

Alipoondoka nilichukua daftari jipya la mistari, kama lile la Bi Sihaba. Nikaandika tarehe ya bamvua ijayo, ya kizungu na ya mwezi, bega kwa bega. Nikaandika saa ya maji kutoka na saa ya maji kurudi, simu tatu, wanawake mia na kumi na wawili, ndoo moja. Nikaandika kila nilichokuwa nimekibeba kichwani kwa miaka miwili na nusu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko ambao mtu yeyote angeweza kuusoma na kuifanya kazi bila mimi. Mtihani mwingine ungekuwa baada ya miezi mitatu, na safari hii nafasi ningeiomba mwenyewe.

Mama aliniuliza kama sili. Nikamwambia bado mstari mmoja. Palibaki nafasi ya jina la msimamizi, na nililiandika kamili, hadi la babu: Nadhira Msabaha Bwanaheri.